Kuwahoji polisi Kisumu kwa ajili ya tasnifu: vibali kwanza

Anza na kamati ya maadili ya chuo, kisha omba mtandaoni leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya. Bila barua ya maadili, ombi hukwama. Leseni hudumu mwaka mmoja, basi usiiombe dodoso likiwa bado nusu. Ukiipata, ipeleke kwa kamishna wa kaunti.

Wengi hujikwaa hapa: leseni haifungui mlango wa kituo. Askari wa kituo cha Kondele, mjini Kisumu, hatazungumza bila idhini ya wakubwa wake, kwa hiyo andikia makao makuu ya polisi Nairobi mapema. Wazee wa Nyumba Kumi, mpango wa ulinzi wa mtaa unaoshirikisha wakazi, hufikika kwa urahisi zaidi, ila usiwahoji mbele ya chifu. Watasema anachopenda kusikia. Majina yakae mbali na majibu: tumia namba kama K01, K02.