Namna ya Kupanga Timu 68 za Kikapu cha Vyuo vya Marekani Kabla Kamati Haijazitangaza

Kila mwezi wa Machi, inapokaribia Jumapili ya Uteuzi, siku ambayo kamati ya NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo) hutangaza timu 68 zitakazowania ubingwa wa nchi, mashabiki wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani hubishana usiku na mchana kuhusu nani aingie, nani aachwe na nani apewe namba ya juu katika ratiba (1 ndiyo bora). Mengi ya mabishano hayo hayafiki popote kwa sababu maswali matatu huchanganywa yakawa moja: je, timu hii inastahili kuingia, je, ikishaingia ni ya ngapi kati ya zote 68, na je, icheze wapi na dhidi ya nani? Kila swali lina kanuni zake, na jibu la moja halijibu jingine.

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia kijana mmoja Mtanzania anayesoma Ohio kuandaa orodha yake ya kwanza. Yeye aliyapenda mashindano haya kwa sababu ya Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, ambaye aliichezea Duke msimu wa 2024/25. Kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya mashindano ya 2025, ambayo pia yana karibu kila aina ya ubishi unaoweza kuutaka.

Hatua ya 1: Kusanya vifaa

Unahitaji lahajedwali, karatasi za timu (muhtasari wa matokeo na vipimo vya kila timu) zinazotolewa bure na NCAA, na tovuti moja ya takwimu. Mimi hupendelea ya Bart Torvik, kwa kuwa ni ya bure na inakuruhusu kuchuja mechi kwa tarehe na kwa uwanja. Ya KenPom ni nzuri pia, lakini sehemu kubwa yake ni ya kulipia. Usitumie programu zinazokupangia kila kitu kwa kubofya mara moja, maana zitakupa jibu bila kukupa sababu, na anayebishana bila sababu hana hoja. Achana pia na kura za wiki za waandishi wa habari, kwa kuwa hazimo katika karatasi ambazo kamati huzisoma.

Hatua ya 2: Ingiza mabingwa wa ligi

Mwaka 2025 mabingwa 31 wa ligi waliingia moja kwa moja, na nafasi 37 zilizobaki zikagawiwa kwa uteuzi. Kabla mabingwa hawajapatikana, mweke kinara wa kila ligi. Acha nafasi mbili au tatu wazi kwa ajili ya timu zitakazotwaa ubingwa bila kutarajiwa. Mwaka 2024 NC State ilishinda mechi tano ndani ya siku tano ikatwaa taji la ligi ya ACC, nayo isingeingia kwa njia nyingine yoyote. Nafasi yake ilitoka kwa timu iliyokuwa ukingoni, yaani kwenye mpaka wa kuingia na kuachwa, kisha NC State ikafika hadi Nne Bora, yaani nusu fainali ya mashindano.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma karatasi ya timu

Kipimo cha NET, ambacho NCAA hukitumia kuzipanga timu zote na kilichochukua nafasi ya kipimo cha zamani cha RPI kuanzia msimu wa 2018/19, ni chombo cha kuchambulia mechi zaidi ya kuwa orodha ya ubora. Mechi hugawanywa katika makundi manne kwa kuangalia nafasi ya mpinzani katika NET pamoja na mahali mlipochezea. Mechi ya Kundi la 1 ni ya nyumbani dhidi ya timu ya 1 hadi 30, ya uwanja huru (usio wa timu yoyote kati ya hizo mbili) dhidi ya timu ya 1 hadi 50, au ya ugenini dhidi ya timu ya 1 hadi 75. Kundi la 2 hufuata hadi nafasi ya 75 nyumbani, 100 uwanja huru na 135 ugenini. Kundi la 3 huishia 160, 200 na 240, na zilizobaki ni za Kundi la 4. Kwa hiyo kumfunga mpinzani yuleyule wa nafasi ya 70 ni ushindi wa Kundi la 1 ukiwa kwake, na wa Kundi la 2 ukiwa kwako.

Udhaifu wa makundi haya ni kwamba kumfunga anayeongoza nchi nzima na kumfunga wa 75 kwake huhesabiwa sawa, ushindi mmoja mmoja. Ndiyo maana mimi huanzia kwenye kipimo cha WAB, kilichoongezwa kwenye karatasi za timu msimu wa 2024/25. Kipimo hiki huuliza: timu ya kawaida ya ukingoni ingeshinda mechi ngapi kama ingepewa ratiba hii hii? Tuseme timu ya ukingoni ingekuwa na uwezekano wa asilimia 20 wa kushinda mechi fulani ngumu ya ugenini. Ukishinda unapata 0.8, ukifungwa unapoteza 0.2 tu. Sasa chukua mechi rahisi ya nyumbani yenye uwezekano wa asilimia 95: ukishinda unaongeza 0.05, ukifungwa unapoteza 0.95. Jumlisha msimu mzima na utajua kama timu imefanya zaidi ya ilivyotakiwa, bila kujali jina la ligi yake.

Hatua ya 4: Ficha majina, kisha chagua

Mwamba ngoma huvutia kwake, na shabiki ni hivyo hivyo. Futa safu ya majina kwenye lahajedwali, ziite timu A, B, C, kisha fuata utaratibu wa kamati yenyewe: orodhesha nane unazoona bora kati ya zilizobaki, zipange kuanzia ya 1 hadi ya 8, ingiza nne za juu, na nne za chini zisubiri kushindanishwa na nyingine katika raundi inayofuata. Utaratibu huu unaonekana mrefu, lakini unakuzuia kuilinganisha timu yako na dhaifu tu.

Mfano wa kujipima ni North Carolina na West Virginia za mwaka 2025. North Carolina iliingia ikiwa na rekodi ya ushindi 1 na vipigo 12 katika Kundi la 1, na ushindi huo mmoja ulikuwa dhidi ya UCLA jijini New York. West Virginia iliachwa ingawa ilikuwa na ushindi sita wa kundi hilo, ukiwemo wa ugenini dhidi ya Kansas. Hasira zilikuwa kubwa, hasa kwa kuwa mwenyekiti wa kamati wakati huo, Bubba Cunningham, alikuwa mkurugenzi wa michezo wa North Carolina. Hata hivyo kanuni humtoa mjumbe nje ya chumba chuo chake kinapojadiliwa. Gavana wa West Virginia alifikia hatua ya kutangaza uchunguzi.

Katika mabishano hayo wengi hawakuitazama orodha ya wachezaji, na kamati huruhusiwa kuzingatia nani alikuwepo na nani alikosekana. Tucker DeVries wa West Virginia alicheza mechi nane tu kabla ya kuumia. Ushindi dhidi ya Gonzaga na Arizona ulipatikana akiwemo; ule wa Kansas na wa Iowa State ulipatikana bila yeye. Mimi ningeiingiza West Virginia, na sababu yangu ni hiyo ya mwisho: timu iliyobaki ilithibitisha uwezo wake bila nyota wake. Kumbuka tu kwamba ukimtetea mmoja lazima useme nani anatoka. Hoja isiyo na jina la anayetoka si hoja ya uteuzi.

Hatua ya 5: Panga kuanzia 1 hadi 68

Tumia utaratibu ule ule wa nane na nne, lakini sasa ukijumuisha mabingwa wote. Kila timu nne hupata namba moja: ya 1 hadi ya 4 ni namba 1, ya 5 hadi ya 8 ni namba 2, hivyo hivyo kushuka. Hapa lazima uamue unathamini nini kati ya kilichofanyika na kinachotabiriwa. Karatasi ya timu ina vipimo vya matokeo, yaani WAB, KPI na SOR, na vya utabiri, yaani KenPom, BPI na Torvik. Mwaka 2025 Gonzaga ilikuwa ndani ya kumi bora za NET ikapewa namba 8, ilhali Memphis, iliyokuwa nje ya 30 bora, ikapewa namba 5 kwa sababu iliwafunga Connecticut, Michigan State, Clemson na Missouri. Memphis ilitolewa na Colorado State katika mechi ya kwanza na Gonzaga ikaisumbua Houston hadi dakika za mwisho, na wengi wakasema kamati ilikosea. Mimi sikubaliani nao. Namba hutolewa kwa kazi iliyokwisha kufanyika, na matokeo ya wiki inayofuata hayawezi kuibatilisha kazi hiyo. Vipimo vya utabiri vitumie pale tu timu mbili zinapolingana kwa matokeo.

Hatua ya 6: Ziweke kwenye kanda

Kanda ni sehemu nne za ratiba, na kila moja huwa na timu moja ya namba 1, moja ya namba 2, na kuendelea. Hii ndiyo hatua inayokula usiku mzima, na ndiyo inayozalisha malalamiko mengi yasiyo na msingi. Acha lahajedwali. Kata vipande 68 vya karatasi, andika kwenye kila kimoja jina la timu na nafasi yake katika orodha yako, upake kila ligi rangi yake, na uvipange mezani. Mwaka ambao ligi ya SEC iliingiza timu 14, kama 2025, vipande viwili vya rangi moja vikikaribiana katika kona moja utaviona mara moja. Kwenye kompyuta hutaviona mpaka umemaliza.

Anza na timu ya kwanza katika orodha na uipe kanda ambayo jiji la mechi zake za mwisho liko karibu nayo, kisha ya pili, hivyo hivyo. Mwaka 2025 Auburn ilichukua Atlanta, Duke ikachukua Newark, Houston ikachukua Indianapolis, na Florida, ya nne, ikabaki na San Francisco, upande wa pili wa nchi. Kisha njoo kwenye namba 2, na hapa ndipo kanuni ya ligi inapobana: timu nne za kwanza za ligi moja, zikiwa ndani ya namba 1 hadi 4, lazima zitawanywe katika kanda nne tofauti. Auburn na Florida ni za SEC, na Alabama na Tennessee, zilizopata namba 2, ni za SEC pia. Basi hizo mbili hazikuwa na pa kwenda isipokuwa Newark na Indianapolis. Michigan State na St. John's zikabaki na Atlanta na San Francisco. Ndivyo St. John's, timu ya New York, ilivyokosa kanda ya Newark iliyo jirani yake na kupelekwa ile ya Magharibi. Walioona dharau katika uamuzi huo hawakuhesabu vipande vya SEC.

Ukifika mwisho wa namba 4, simama. Jumlisha nafasi za timu nne za juu katika kila kanda. Wastani ni 34, kwa kuwa jumla ya 1 hadi 16 ni 136, na tofauti kati ya kanda nzito na nyepesi isizidi 5. Ikizidi, badilishana namba 3 au 4 kabla hujaendelea, kwa sababu ukigundua baadaye utabomoa kila kitu. Angalia pia kwamba timu ya 5 katika orodha haikuwekwa katika kanda ya timu ya 1.

Viwanja vya wiki ya kwanza, yaani vya raundi mbili za mwanzo kabla ya kwenda kwenye jiji la kanda, vina masharti yake. Timu haichezi katika uwanja ambao chuo chake ni mwenyeji, wala ambao imeutumia kwa zaidi ya mechi tatu msimu huo, mashindano ya ligi yakiwekwa kando. Kwa hiyo Kentucky haikuweza kucheza Lexington, jiji lake, mwaka 2025 na ikaenda Milwaukee. BYU haichezi Jumapili, hivyo kiwanja chake cha wiki ya kwanza na kanda yake lazima viwe vya Alhamisi na Jumamosi. Mwaka huo ilipata Denver na Newark. Kipande cha BYU kiweke mapema, maana ukikiacha mwisho nafasi zake zitakuwa zimejaa.

Tena, timu za juu hulindwa zisikutane na umati wa wapinzani wao katika raundi ya kwanza tu. Baada ya hapo ulinzi huisha. Louisville, ikiwa na namba 8, iliwekwa Lexington, ndani ya jimbo lake, katika njia ya Auburn. Purdue, yenye namba 4, ilikutana na Houston mjini Indianapolis mbele ya mashabiki wake, na Houston ikaponea kwa 62-60. Hakuna kanuni iliyovunjwa.

Timu za ligi moja zilizochezana mara tatu au zaidi msimu huo zisikutane kabla ya fainali ya kanda. Zilizocheza mara mbili zisikutane kabla ya nusu fainali ya kanda. Zilizocheza mara moja zinaweza kukutana katika raundi ya pili. Epuka pia marudio ya mechi za msimu katika raundi ya kwanza. Ukikwama kabisa, unaruhusiwa kuipandisha au kuishusha timu namba moja, na ndiyo maana timu ya 20, ambayo kwa haki ni namba 5, inaweza kuonekana ikiwa na namba 6.

Hatua ya 7: Jumapili yenyewe

Baadhi ya fainali huchezwa saa chache kabla ya tangazo, na hazipaswi kukuhamisha sana. Michigan ilitwaa ubingwa wa ligi ya Big Ten Jumapili hiyo ya 2025 kwa kuifunga Wisconsin 59-53, lakini ikapewa namba 5 na Wisconsin ikabaki na namba 3. Fainali ni mechi moja kati ya zaidi ya thelathini.

Tangazo likitoka, tafuta orodha kamili ya 1 hadi 68 ambayo kamati huitoa, na ulinganishe na yako nafasi kwa nafasi, si kwa namba zilizochapishwa kwenye ratiba. Tofauti ya nafasi tatu au nne iache. Tofauti ya nafasi nane na kuendelea, fungua upya karatasi ya timu hiyo, anza na mechi zake za ugenini, na hapo ndipo ubishane.