Vipele vya viganjani visivyowasha: usikimbilie tyubu ya fangasi

Zahanati nyingi hutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili: usaha, kidonda, maumivu chini ya kitovu. Kaswende ya hatua ya pili mara nyingi haiji hivyo, huja na vipele kama hivi vya viganjani, ndiyo maana wagonjwa wengi huishia kupewa dawa ya aleji.

Hatua ya 1. Mtoe mgonjwa kwenye mwanga wa jua, tazama viganja na nyayo. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta madoa ya rangi ya shaba au meusi, mara nyingi hayawashi, mengine yana ganda jembamba pembeni. Kagua mdomoni kama kuna mabaka meupe, kichwani kama nywele zinanyonyoka vipande vipande, na sehemu za siri kama kuna vinyama bapa vyenye majimaji.

Hatua ya 2. Uliza kuhusu kidonda kisichouma kilichopona chenyewe. Asiyekikumbuka usimwondoe kwenye orodha: kwa mwanamke kinaweza kukaa kwenye mlango wa kizazi asikione kabisa.

Hatua ya 3. Pima damu, na VVU siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka cha kaswende kikiwa chanya maana yake umewahi kuambukizwa. Kwa wengi hubaki chanya maisha yote. Ongeza RPR, kipimo kingine cha damu cha kaswende: chenyewe kina viwango vinavyopanda na kushuka.

Hatua ya 4. Benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4 kwenye msuli, mara moja. Mwenza naye atibiwe. Macho yakiona ukungu au masikio yakivuma ghafla, hiyo sindano moja haitoshi. Nenda hospitali kubwa.

MASWALI

*Dokta, nina kidonda ila kipimo hasi.*
Mwanzoni damu huchelewa kuonyesha. Kidonda kikaguliwe na kutibiwa sasa, kipimo urudie baada ya wiki 2 hadi 4.

*Mkuu, nimechomwa jana asubuhi, usiku homa na kutetemeka. Aleji?*
Mara nyingi ni mwili unapambana na mabaki ya bakteria waliokufa. Huisha ndani ya saa 24. Parasetamoli inasaidia. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, kimbia hospitali.

*Mke wangu ni mjamzito, hana dalili yoyote.*
Apimwe leo, asisubiri tarehe ya kliniki. Akiwa nayo, penisilini ndiyo dawa inayoaminika kumlinda mtoto tumboni.

*Miezi sita imepita, kipimo cha haraka bado chanya. Nichomwe tena?*
Hapana, kwa hicho peke yake. Linganisha RPR: ikiwa ilikuwa 1:32 na sasa ni 1:8, kiwango kimeshuka mara nne, dawa imefanya kazi.