Riziki Ikikatika: Kumtegemea Mungu kwa Hatua za Mjane wa Chupa ya Mafuta

Mshahara umesimama, kodi inadaiwa, watoto wanataka kula. Wengi huambiwa "mtegemee Mungu" bila kuonyeshwa waanzie wapi. Habari ya mjane katika 2 Wafalme 4:1-7 inaonyesha. Aliyemdai alikuwa amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa, naye akamlilia nabii Elisha.

Taja shida ilivyo. Mjane hakusema tu kwamba maisha ni magumu. Alisema kwamba anadaiwa, na akataja kitakachompata. Chukua daftari, andika kila deni: la nani, kiasi gani, tarehe gani. Kisha andika mahitaji ya wiki moja. Watu watano wakila ugali mara moja kwa siku humaliza kama kilo 1 na robo ya unga, karibu kilo 9 kwa wiki. Ongeza maharage, mafuta, dawa na nauli, halafu uishie hapo. Mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, ilitolewa pishi moja kwa kila mtu kwa siku, na iliyolazwa ikaingia mabuu, isipokuwa ile ya maradufu iliyookotwa siku ya sita kwa ajili ya Sabato (Kutoka 16). Ukibeba mahangaiko ya mwaka mzima leo, hata maombi hayatoki.

Kila asubuhi omba kwa orodha hiyo, ukitaja vitu kwa majina yake: unga, dawa ya mtoto, nauli. Kinachopatikana, andika kimetoka wapi. Ombi la jumla huwezi hata kujua kama limejibiwa.

Elisha alimuuliza mjane ana nini nyumbani, naye akajibu kwamba hana kitu ila chupa ya mafuta. Jiulize hivyo hivyo: cherehani, jembe, ujuzi wa kusuka nywele, robo eka iliyolala. Ukilazimika kuuza, tangulia na runinga au kochi. Ukiuza cherehani, utakula wiki mbili na kazi itakuwa imekwenda nayo.

Hatua inayowashinda wengi ni majirani. Mjane aliagizwa aazime vyombo vitupu kwa jirani zake wote, wala si vichache, ayamimine mafuta yake humo. Mafuta yaliendelea kutoka, yakakoma vyombo vilipokwisha. Aibu ndiyo hupunguza vyombo. Mwambie mzee wa kanisa, kiongozi wa jumuiya, wenzako wa VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), na useme unachohitaji hasa: "Naomba unga kilo 5, na mkisikia anayetafuta fundi mnitaje." Ukificha njaa, unamnyima nafasi mtu ambaye pengine Mungu ameshamgusa moyo.

Fedha ikiingia, fuata agizo alilopewa: uza, lipa deni, ishi kwa kinachobaki. Isipotosha, nenda kwa anayekudai kabla ya tarehe kufika, umpe kidogo ulicho nacho na mkubaliane siku nyingine. Shuleni fanya vivyo hivyo. Usilipe mkopo kwa mkopo. Mikopo ya kausha damu, yenye riba kali, hula hata riziki ya kesho. Na anayetaka utoe fedha kwanza ndipo akuombee mlango ufunguke, mwepuke. Elisha hakumdai mjane hata tone.

Jumapili jioni, mume na mke fungueni daftari pamoja. Futeni kilichopatikana, shukuruni kwa kukitaja, na kisichopatikana kihamishieni wiki inayofuata pamoja na jina la mtu mmoja ambaye bado hamjamwambia.