Somo: Jinsi wanajeshi wa Ufini walivyotunza miguu yao vitani, 1939–1944

Ndugu wanachama, salaam. Tukisoma habari za Vita vya Majira ya Baridi, wengi wetu tunakimbilia bunduki na wale wadunguaji waliovaa nguo nyeupe. Leo tushuke chini, kwenye miguu. Umoja wa Kisovyeti uliivamia Ufini tarehe 30 Novemba 1939, vita vikaisha 13 Machi 1940. Mwezi Januari kuna sehemu baridi ilipita nyuzi 40 chini ya sifuri. Askari aliyeganda mguu hapigani tena, na anahitaji wenzake wa kumtoa msituni.

Kwa maoni yangu sifa nyingi mno hupewa buti la Kifini, na chache mno hupewa kazi iliyofanywa kila jioni baada ya kulivua. Nitalipanga somo kwa hatua, kwa mfuatano ambao askari mwenyewe alipaswa kuufuata.

Hatua ya 1: Pata buti, hata kama ni lako la nyumbani

Jeshi la Ufini lilikuwa maskini. Sare hazikutosha, na askari wengi wa akiba waliripoti na nguo zao wenyewe, wakapewa mkanda na beji ya kofia. Watu wakayaita mavazi hayo "mtindo wa Cajander", kwa jina la waziri mkuu wa wakati huo, A. K. Cajander.

Kwa miguu, umaskini huo haukuwa hasara tupu. Mkulima au mkata magogo alikuja na mabuti aliyokwisha kuyazoea. Mashuhuri zaidi ni pieksu, buti la ngozi ambalo ncha yake imepinda kwenda juu. Ubao wa kutelezea kwenye theluji, yaani ski, ulikuwa na mkanda wa ngozi tu katikati. Unachomeka ncha ya buti chini ya mkanda, na ule mkunjo unaizuia isichomoke. Risasi zikianza, unarudisha mguu nyuma na umeshatoka kwenye ski, bila kuinama wala kugusa kitu kwa mikono. Walikuwepo pia waliovaa mabuti ya sufu iliyoshindiliwa, yenye joto zuri sana theluji ikiwa kavu.

Hatua ya 2: Chagua saizi kubwa

Hapa ndipo wageni wa baridi hukosea. Buti likibana, damu haifiki vidoleni, na kidole kisichopata damu huganda kwanza. Tena kinachohifadhi joto ni hewa iliyotulia kati ya tabaka za nguo. Ukiibana, joto nalo limeondoka. Kwa hiyo buti la vita vya baridi lilitakiwa liwe na nafasi ya kuingiza soksi nene, kitambaa cha mguu na soli ya ndani, na vidole bado vicheze. Wasami wa kaskazini walijua hilo zamani. Wao hujaza nyasi zilizokaushwa na kulainishwa ndani ya viatu vyao vya ngozi ya kulungu wa kaskazini.

Hatua ya 3: Funga kitambaa cha mguu

Tukae hapa kidogo, maana ndicho kiini cha somo. Kwa Kifini kitambaa hiki huitwa jalkarätti. Ni cha mraba, cha pamba au sufu.

Kitandike chini, pembe moja ikitazama mbele. Weka unyayo katikati, vidole vikielekea kwenye hiyo pembe. Kunja pembe ya mbele irudi juu ya vidole. Kisha vuta pembe ya upande mmoja, ipite juu ya mguu na kuingia chini ya unyayo, ikikazwa kiasi. Vuta ya upande wa pili vivyo hivyo. Pembe iliyobaki nyuma inapandishwa juu ya kisigino hadi kwenye kifundo, halafu unaingiza mguu ndani ya buti huku umekishika kisifunguke.

Kabla ya kusimama, pitisha kidole gumba cha mkono chini ya unyayo. Ukikuta mkunjo, fungua uanze upya. Mkunjo mwembamba tu, ukiukanyaga kwa saa mbili, unatoa lengelenge. Likipasuka, unaanza kuchechemea.

Hatua ya 4: Kausha kila usiku

Wafini walilala katika mahema ya watu wapatao 20, yenye jiko la chuma la kuni katikati. Mmoja alikesha kwa zamu kuchochea moto na kuangalia kitu kisiungue. Vitambaa na soksi vilitundikwa juu, karibu na joto. Mabuti yaliwekwa mbali kidogo, kwa sababu ngozi ikikaushwa kwa pupa hukakamaa na kupasuka. Asiyekuwa na hema alikausha kitambaa kwa joto la mwili wake, ndani ya shati.

Jasho ni adui sawa na theluji. Ukitembea kwa kasi mchana kutwa, mguu umelowa kutokea ndani. Ukisimama lindo usiku, maji hayo hayo yanageuka barafu.

Hatua ya 5: Paka ngozi mafuta

Mchanganyiko wa mafuta na lami ya msonobari ulisaidia ngozi kustahimili maji. Kazi fupi, lakini ya kurudiwa mara kwa mara.

Hatua ya 6: Kagua miguu

Tazama kati ya vidole, kisigino na kucha. Ganzi ni dalili ya hatari kuliko maumivu. Mguu uliokuwa ukiuma ukaacha ghafla, ngozi ikapauka na kuwa ngumu, hapo umeanza kuganda. Sauna nazo, ambazo Wafini walizijenga hata karibu na mstari wa mbele, ziliwapa nafasi ya kuvua kila kitu na kuiona miguu yao.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (mwanachama, Oulu): Kwa nini wasivae soksi tu?

Jibu: Walivaa. Wanawake, wakiwemo wa chama cha Lotta Svärd, walifuma soksi nyingi za askari. Ila soksi hutoboka kisiginoni na hukawia kukauka. Kitambaa unakigeuza, sehemu kavu ikaja kwenye vidole. Hakina saizi, na unaweza kukikata kutoka nguo yoyote kuukuu. Warusi nao walikuwa na chao. Mwaka 2013 ndipo waziri wa ulinzi Sergei Shoigu aliagiza jeshi lao liachane nacho.

Swali (mwanachama, Nairobi): Kama Warusi nao walikuwa na vitambaa, mbona waliganda zaidi?

Jibu: Tazama barabara ya Raate, mashariki mwa Ufini, Januari 1940. Divisheni ya 44 ya Kisovyeti, iliyoletwa kutoka Ukraine, ilikatwa vipande vipande barabarani. Walikosa mahema yenye majiko ya kutosha, na moto wa nje uliwaita Wafini waliojificha msituni. Vitambaa walikuwa navyo, lakini hatua ya 4 hawakuweza kuifanya. Inaniumiza kila ninaposoma habari za vijana wale.

Swali (mwanachama, Arusha): Na kiangazi cha 1941?

Jibu: Mambo yaligeuka. Vita Endelezi, yaani vita vya pili vya Ufini na Umoja wa Kisovyeti, vilipoanza Juni 1941, askari wa miguu wa Ufini walitembea masafa marefu hadi mto Svir, ndani ya Urusi, wakaufikia Septemba. Buti pana linalookoa mguu wakati wa baridi linausugua wakati wa joto, kwa hiyo malengelenge ndiyo yakawa tatizo kubwa. Ngozi nayo ilizidi kuadimika; raia walivaa viatu vya soli za mbao na vya karatasi iliyosokotwa.

Swali (mwanachama, Goma): Nimesikia walisugua mguu ulioganda kwa theluji. Inafaa?

Jibu: Ushauri huo ulienea sana enzi hizo, lakini ni hatari: theluji inazidisha ubaridi na kuchuna ngozi. Leo madaktari hupasha mguu kwa maji ya nyuzi 37 hadi 39. Kama kuna uwezekano wa mguu kuganda tena njiani, usiupashe. Fika kwanza mahali salama.

Swali (mwanachama, Mbeya): Mimi ni mlinzi wa usiku. Masika nashinda na buti la mvua lililoingia maji. Huku hakuna theluji, je, nina hatari?

Jibu: Ndiyo, ndugu yangu. Ule ugonjwa wa miguu uliowasumbua askari wa mahandaki katika Vita Kuu ya Kwanza hauhitaji barafu; maji ya baridi tu, saa nyingi mfululizo, yanatosha kuumiza mishipa ya damu na ya fahamu. Hata maji ya uvuguvugu hudhuru: wanajeshi wa Marekani waliokaa siku kadhaa kwenye mashamba ya mpunga ya Vietnam walivimba nyayo wakashindwa kutembea. Beba soksi kavu kwenye mfuko wa plastiki. Katikati ya zamu vua buti, mwaga maji, futa hadi kati ya vidole, vaa kavu. Ukifika nyumbani lala miguu wazi, na buti liwekwe kichwa chini hadi jioni. Ganzi ikibaki baada ya kukauka, au ukiona kidonda, nenda zahanati siku hiyo hiyo, hasa kama una kisukari.