Kudhibiti Magugu katika Mpunga wa Kilimo Hifadhi

Mkulima wa mpunga anayeacha kukatua shamba, kama kilimo hifadhi kinavyotaka, huacha pia palizi yake ya kwanza, kwa maana plau ndiyo iliyokuwa ikiyazika magugu kabla ya kupanda. Asipoweka kitu kingine mahali pake, magugu yatamshinda katika msimu wa kwanza au wa pili, na hapo wengi hukata tamaa na kurudia kulima kama zamani. Kitu hicho kingine si dawa peke yake wala jembe la mkono peke yake. Ni matandazo, yaani mabaki ya mimea yanayofunika udongo, mzunguko wa mazao na macho ya mkulima, vikifanya kazi mwaka mzima.

Maelezo haya yanahusu mpunga unaotegemea mvua katika mashamba yasiyotuamisha maji kwa muda mrefu, kama yale ya miinuko ya Kyela na ya kingo za bonde la Kilombero. Katika majaruba ya umwagiliaji hali ni tofauti, kwa sababu kina cha maji cha sentimita 5 hadi 10 kinachodumishwa baada ya miche kushika huzuia magugu mengi ya nyasi kuota.

Anza kwa kuyafahamu magugu uliyonayo, kwa kuwa kila aina ina udhaifu wake. Ndago hutambulika kwa kuviringisha bua lake kati ya vidole: lina pembe tatu, na chini ya udongo lina vinundu vilivyohifadhi chakula. Nyasi zinazofanana na mche mchanga wa mpunga huwachanganya hata vibarua wazoefu. Ili kuzitenganisha, vuta jani taratibu pale linapokutana na shina. Mpunga una kijingozi chembamba cheupe kilichosimama, na pembeni yake vimasikio viwili vyenye vinyweleo, ilhali nyasi nyingi zinazoiga mpunga hazina vyote viwili. Mpunga pori una kijingozi hicho pia, hivyo chimbua shina lenyewe: ukikuta mizizi minene itambaayo chini kwa chini na kuchipua mbali na shina mama, huo si mpunga uliopanda, hata kama majani yake yamekudanganya.

Nguzo ya kazi yote ni matandazo. Mbegu nyingi ndogo za magugu huhitaji mwanga ili ziote, na zile zinazoota gizani huishiwa nguvu kabla ya kufika juu. Ndiyo sababu majani ya mpunga yaliyobaki baada ya kupura hayapaswi kuchomwa. Yatawanywe shambani mpaka ukisimama na kutazama chini usiuone udongo. Tandazo jembamba linaloacha mabaka wazi lina hasara yake, kwa kuwa huhifadhi unyevu unaoyafaa magugu bila kuyanyima mwanga. Katika vijiji ambavyo ng'ombe huachiwa mashamba baada ya mavuno, makubaliano na wafugaji ni ya lazima, la sivyo matandazo yataishia tumboni mwa mifugo kabla ya mvua. Mahali ambapo majani ya mpunga hayatoshi, ongeza kwa kupanda mimea funika. Fiwi hufaa, na marejea pia, mmea ambao Wabenediktini wa Peramiho waliusambaza sana kusini mwa Tanzania kwa ajili ya kurutubisha udongo na kukandamiza magugu. Kata mimea hiyo inapoanza kutoa maua, kabla haijakomaza mbegu, kisha uilaze juu ya udongo bila kuifukia.

Mvua za kwanza zikinyesha, usikimbilie kupanda. Acha magugu yaote, yafikie kimo cha kiganja, kisha uyaue yote kwa pamoja kwa kufyeka na kuparura juu juu au kwa dawa. Katika shamba lisilokatuliwa njia hii ina nguvu ya pekee, kwa sababu mbegu nyingi za magugu ziko karibu na uso wa ardhi: huota mapema, huliwa na chungu na ndege, au hufa kwa jua. Mbegu zilizolala chini hubaki huko, mradi tu usizipandishe tena kwa jembe.

Ukitumia glaifoseti, dawa inayoua magugu ya aina nyingi, pulizia magugu mabichi yanayokua, yasiyonyauka wala kufunikwa na vumbi, na utumie maji safi. Maji ya tope huidhoofisha kabla haijafika kwenye jani, kwa kuwa dawa hiyo hung'ang'ania chembe za mfinyanzi. Kabla ya kuchanganya, jaza bomba kwa maji matupu na upulizie eneo la meta 10 kwa 10 kwa mwendo wako wa kawaida. Lita zilizotumika, zikizidishwa mara 40, zitakupa takriban mahitaji ya ekari moja. Nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, usome kipimo kwenye lebo, na uvae glavu, buti, miwani na barakoa.

Panda kwa mistari ya sentimita 20 kwa 20, ukitoboa tandazo kwa kijiti na kufukia mbegu sentimita 2 hadi 3. Mistari ni sharti, kwa kuwa mpunga uliomwagwa hauruhusu mtu kupita wala kutofautisha mche na gugu.

Wiki 6 za kwanza ndizo zinazoamua mavuno. Palilia wiki 2 hadi 3 baada ya miche kuchomoza, kisha rudia kabla ya wiki ya 6, hata kama shamba linaonekana safi kwa mbali. Mashine ya palizi ya kusukuma hukwama kwenye matandazo mazito, hivyo parura juu juu kwa jembe dogo au ng'olea kwa mkono, na urudishe tandazo mahali ulipolifungua. Dawa ya 2,4-D huua magugu ya majani mapana na kudhoofisha ndago, nayo hutumika mpunga ukiwa na wiki 3 hadi 4, kabla haujaanza kubeba masuke. Lakini haigusi nyasi, na itateketeza fiwi au kunde uliyopanda katikati, pamoja na nyanya za jirani ikipeperushwa na upepo.

Kiduha, gugu nyonyaji, kinahitaji hesabu nyingine, kwa sababu hunyonya mizizi ya mpunga wiki kadhaa kabla ya kuonekana, na palizi hufika wakati hasara imekwisha kutokea. Mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu, laini kama vumbi, ambazo huweza kuishi udongoni zaidi ya miaka 10. Kung'olea bado kuna faida, mradi kufanyike kabla ya maua yake kutoa mbegu. Mahindi na mtama hayavunji mzunguko wake kwa kuwa nayo hushambuliwa, hivyo panda mikunde. Katika mbegu za mpunga, miongoni mwa zile za NERICA, chotara wa mpunga wa Afrika na wa Asia, NERICA 1 na NERICA 10 zimeonyesha ukinzani mzuri, ilhali NERICA 7 hushambuliwa kwa urahisi. Kule Kyela kuna pia mbosyo, gugu nyonyaji lenye maua meupe, linalopenda sehemu za chini zenye unyevu. Utafiti uliofanyika huko ulionyesha kwamba kupanda mapema huuokoa mpunga dhidi ya mbosyo, lakini dhidi ya kiduha, kuchelewa kidogo ndiko kunakosaidia. Mwenye shamba linaloshuka kutoka mwinuko hadi bondeni anaweza kuanza kupanda chini, kisha apandishe juu.

Baada ya mavuno ndipo wengi hulala, na ndipo magugu hukomaza mbegu za msimu ujao. Pita shambani na mundu kila baada ya wiki chache, ukate kila kinachotoa maua. Pale penye unyevu uliobaki, panda choroko au kunde mara tu mpunga unapotoka. Sehemu zenye mpunga pori zizungushie vigingi, uchimbue mizizi yake yote wakati wa kiangazi na kuianika juani mpaka ikauke kabisa, na usichukue mbegu ya kupanda kutoka karibu na vigingi hivyo.