Kupima maji ya kisima Shela: fuata mwezi, usifuate saa

Mwaka wangu wa kwanza wa kupima visima huku Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, ulipotea bure. Kila Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa kisimani na tepu, na mchoro wangu wiki hii ukipanda, wiki ijayo ukishuka, kama meno ya msumeno. Nikadhani ni mapampu. Mvuvi mmoja aliyekuja kuteka maji akalitazama daftari akacheka: "Mwanangu, hupimi kisima wewe, wapima bahari." Ijumaa moja ni bamvua (bahari hujaa na kupwa sana), inayofuata ni maji mafu (hujaa na kupwa kidogo). Saa ni ile ile, bahari siyo.

Watu wanaongezeka: sensa ya 2009 ilihesabu 101,539 katika kaunti, ya 2019 ikahesabu 143,920. Maji matamu tunayovuta ni mvua iliyonywewa na vilima vya mchanga vya Shela, nayo yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini. Ndiyo maana kupima kuna adabu yake.

Hatua ya 1: Visima. Vitano vinatosha kuanzia: karibu na vilima, katikati ya nyumba, karibu na ufuo. Angalau kimoja kisiwe na pampu. Piga hodi, omba ruhusa, na kila ukipima mwambie mwenye kisima ulichokiona. Usipomwambia, siku moja utakuta kifuniko kimetiwa kufuli.

Hatua ya 2: Alama. Paka rangi nukta moja kwenye ukingo. Utapimia hapo daima, hata ukingo ukijengwa upya (pima tofauti kwanza!).

Hatua ya 3: Tepu na chaki. Tumia tepu ya chuma. Paka chaki mita ya mwanzo, iteremshe hadi iguse maji, kisha shika namba kamili kwenye alama. Tuseme umeshika 6.00, na chaki imelowa hadi 0.42. Maji yako mita 5.58 chini ya alama. Rudia, vipimo viwili vikipishana zaidi ya sentimita moja, pima mara ya tatu.

Hatua ya 4: Wakati. Hapa ndipo wengi huharibu. Kwanza kaa na kisima kimoja siku nzima, pima kila nusu saa kwa saa 13, uone maji ya kupwa na kujaa yanakisogeza kiasi gani. Cha ufuoni kitacheza sana, cha vilimani huenda kisitikisike. Baada ya hapo shika kalenda ya mwezi mwandamo: tarehe 2 na 17, baada ya sala ya alfajiri, kabla mapampu hayajawashwa. Bahari itakuwa karibu na hali ile ile kila mara, na alfajiri yetu haisogei sana mwaka mzima.

Hatua ya 5: Chumvi. Pima kwa mita ya upitishaji umeme. Maji ya bahari husoma kama mikrosiemens 50,000 kwa sentimita. Namba ya kisima ikipanda mwezi hadi mwezi, chumvi inakuja, hata kama kina hakijabadilika.

Hatua ya 6: Hesabu. Mpimaji ardhi akupe urefu wa alama juu ya usawa wa bahari. Ukiwa 6.10, toa 5.58: maji yako sentimita 52 juu ya bahari. Kwa kanuni ya Ghyben na Herzberg, kila mita moja juu ya bahari hubeba kama mita 40 za maji matamu chini yake, yaani hapa kama mita 21. Kwa kweli ni pungufu, maana mpakani maji huchanganyika. Lakini angalia: kisima kikishuka sentimita 10 tu na kikabaki hapo, unapoteza kama mita nne huko chini. Linganisha Machi na Machi, kabla ya masika. Usilinganishe Machi na Juni.

Mwisho, acha safu ya maelezo daftarini: mvua, pampu, ujenzi. Mara moja maji yalipanda shubiri nzima katikati ya kiangazi, nikaanza kuandika ripoti. Kumbe tangi la jirani lilifurika usiku kucha, na bomba lake lilikuwa likimwaga kisimani.