Namna ya kufundisha NS1 kwa vibanio vya nguo na stakabadhi za korosho

Nafundisha maabara hapa Mtwara. Ukiandika ubaoni NS1 (protini ya kirusi cha influenza), RIG-I na TRIM25 (protini za ulinzi za seli) saa nane mchana, joto likiwa limetukalia, nusu ya darasa inasinzia. Siku hizi somo la jinsi kirusi cha influenza kinavyozima kinga ya seli nalifanyia mezani. Tafuta karatasi za rangi mbili, mkasi, gundi, vibanio vya nguo vitatu, filimbi, kanga moja na punje chache za kunde.

Hatua ya 1: Panga seli. Meza nzima ndiyo seli, na kanga iliyokunjwa katikati ni kiini. Kata karatasi nane ndefu za rangi moja: hivyo ni vipande 8 vya RNA vya influenza A. Viweke ndani ya kanga, maana kirusi hiki hujizalishia kwenye kiini, tofauti na virusi vingi vya RNA. Kipande cha 8 kitie alama, NS1 inatoka humo.

Hatua ya 2: Mpe mlinzi kazi. Mwanafunzi mmoja awe RIG-I, mlinzi wa ghala. Mfunge macho apapase ncha za karatasi. Kwenye ncha ya kila RNA ya kirusi bandika kunde tatu, ndizo fosfati tatu. Karatasi za seli, za rangi ya pili, ndizo mRNA, yaani nakala za maagizo ya jeni: zivishe kofia, kifuniko cha ncha. Akigusa kunde tatu amemjua mgeni, ila bado hawezi kupuliza filimbi. Lazima mwenzake, TRIM25, amvishe kwanza mnyororo wa yubikwitini, protini ndogo ya kutia alama. Hapo ndipo taarifa inapita kwa MAVS, protini ya kupokea ishara iliyoko kwenye mitokondria, inafika kiini, na kiini kinaandika agizo la interferoni. Interferoni hutoka nje na kuwagongea majirani wafunge milango. (Alick Isaacs na Jean Lindenmann walipoipa jina hilo London mwaka 1957, walikuwa wakitumia kirusi hiki hiki cha influenza.)

Chezeni mara moja bila NS1, wote waisikie filimbi.

Hatua ya 3: Ingiza NS1. Ni protini ndogo, asidi amino kama 230 tu, lakini ina mikono mingi kuliko dalali wakati wa msimu. Kibanio cha kwanza kinabana RNA ya nyuzi mbili ili mlinzi asiipate. Cha pili kinamshika TRIM25: mlinzi amepapasa, amejua, mnyororo hauji.

Kibanio cha tatu usikipitie haraka. Kila mRNA ya seli, kabla ya kutoka kwenye kiini, hukatwa mwishoni na kuungiwa mkia wa herufi A. CPSF30 ni mmoja wa mafundi wa kazi hiyo. Huku kwetu kila mtoto wa mkulima anajua kwamba bila stakabadhi iliyokamilika hulipwi korosho zako, hata kama gunia lako limo ghalani. NS1 humbana CPSF30, na agizo la interferoni linabaki ndani ya kanga, limeandikwa lakini halina mkia.

Hapo huulizwa: mbona mRNA za kirusi zinatoka na mikia? Kwa sababu polimerasi yake, mashine ya kunakili RNA, haimtegemei fundi huyo. Ikifika kwenye mfululizo wa U inakwama, inasoma pale pale tena na tena, na inatoa A, A, A. Mwambie mwanafunzi asome kwa sauti kama santuri iliyokwaruzwa. Kofia nayo ni ya wizi: kata ncha ya karatasi ya seli, herufi 10 hadi 13 pamoja na kofia yake, uigundishe kwenye ya kirusi.

Hatua ya 4: Mkasi. PA-X, protini nyingine ya kirusi iliyogunduliwa mwaka 2012, hukatakata mRNA za seli. Mara ya kwanza nilimkabidhi mwanafunzi mkasi bila maelezo, akakata kila kilichokuwa mezani. Binti mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, hiki kirusi kimejiua." Ndiyo maana nakwambia rangi mbili: mkasi ukate ya seli tu. PB1-F2, protini nyingine ya kirusi, itaje tu: huenda kwenye mitokondria kuidhoofisha MAVS, na si kila kirusi kinayo ikiwa kamili.

Hatua ya 5: Ondoa vibanio. Mwaka 1998 watafiti walitengeneza kirusi kisicho na NS1. Kilistawi kwenye seli za Vero, seli za figo za nyani zinazokuzwa maabara, ambazo haziwezi kutengeneza interferoni, lakini kwenye seli zenye interferoni kilikwama. Toa vibanio vyote, wape wanafunzi nafasi ya kueleza wenyewe kwa nini.

Kisha rudisha viwili tu. NS1 ya H1N1 ya mwaka 2009, mafua ya nguruwe, ilipoanza kusambaa haikuweza kumshika CPSF30, ila iliendelea kuizuia interferoni isianze kutengenezwa. Chezeni tena: stakabadhi nyingine zinatoka ghalani kama kawaida, filimbi bado iko kimya.